Jiwe la Tatu

Msambweni, 11 Mfungo Pili 1374
(kwa kalenda ya duka lenu, 2 Julai 1955)

Mwanangu Alfani,

Ninakuandikia kwa mkono wa dada yako Mwanarusi, maana wangu umeanza kutetemeka na sitaki upate taabu ya kusoma. Sisi hatujambo, ila miguu yangu imevimba na daktari amenikataza chumvi. Mchuzi usio chumvi nao ni mtihani wa peke yake. Natumai wewe u mzima huko Mackinnon Road, na tajiri wa duka hakuzuii kwenda kuswali Ijumaa.

Nina neno nawe. Ami yako Boga, ndugu yangu wa kunifuata, wamjua kwa jina tu kwa kuwa alikufa wewe hujazaliwa. Vita vya kwanza vya Mjerumani tulichukuliwa pamoja, mimi na yeye, tukabebeshwa mizigo ya Waingereza kutoka Voi kwenda upande wa Taveta. Homa ikamshika njiani. Alikufa mkesha wa Ashura, nikamzika kwa mikono yangu miwili karibu na kilima ambacho sisi wachukuzi tulikiita Kilima Kipara. Tangu siku hiyo hapana mtu wa kwetu aliyesimama penye kaburi lile. Ashura hii ijayo atatimiza miaka arobaini na mmoja.

Wewe u karibu na huko kuliko sisi sote. Nataka uende, ufike siku ya Ashura yenyewe, umsomee Yasini kichwani pake, kisha unipe habari. Nikishaipata habari hiyo nitaweza kufa kama watu wengine wanavyokufa.

Baba yako,
Chirau bin Alfani

Hapa chini ni mimi Mwanarusi. Baba asoma herufi za Kiarabu tu, hizi za skuli hazijui, kwa hivyo nasema nipendavyo. Mdogo wangu, usilipuuze jambo hili. Tangu Idi iliyopita analitaja jina la ami katikati ya chakula, tonge mkononi, kisha anauliza alikuwa akisema nini. Daktari hakuniambia siku wala miezi, lakini aliniambia nisimwudhi.


Mackinnon Road, 14 Julai 1955

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Sikujua kuwa ami alizikwa upande huu. Nyumbani jina lake lilikuwa likitajwa wakati wa hitima tu, kisha mazungumzo yakageuzwa yakawa ya minazi.

Nimekwisha kuuliza. Nchi yote ile sasa ni mbuga ya wanyama ya Serikali, na waingiao ni Wazungu wenye motokaa. Nilimwandikia Bwana Nyama wa Voi, mkuu wa mbuga, kuomba ruhusa, akanijibu karani wake, akataka kujua motokaa yangu ni ya namna gani. Nikamwambia gari langu ni la moshi, daraja la tatu, na baada ya hapo ni miguu yangu. Nadhani walicheka ofisi nzima, lakini ruhusa wameitoa: siku mbili, bila bunduki, na nifuatane na askari wa wanyama hatua kwa hatua.

Njia yenyewe ni hivi. Nitapanda gari la moshi hapa hadi Voi. Kutoka Voi kuna gari dogo la Taveta liendalo siku chache tu kwa juma, nalo litanishusha kituo kisicho na hata paa. Toka hapo hapana basi wala lori, ni kutembea.

Ombi langu ni moja, baba. Isiwe Ashura. Mwaka huu Mfungo Nne, wenye Ashura, utaangukia Agosti, na Agosti duka lina kazi nyingi. Disemba naweza kupata juma zima. Tena unieleze kaburi likoje, na maji ya kunywa yako wapi, maana karani ameniuliza hilo kwanza.

Mwanao mtiifu,
Alfani


Msambweni, 7 Mfungo Tatu 1374
(27 Julai 1955)

Mwanangu Alfani,

Disemba ni mwezi wa Wazungu. Ndugu yangu hakufa Disemba, alikufa Mfungo Nne, na atasomewa Mfungo Nne. Mwambie tajiri wako una msiba. Si uongo.

Sasa sikiliza, na Mwanarusi aandike nisemavyo bila kupunguza. Ukishuka garini simama uipe reli mgongo. Kilima Kipara utakiona mbele, mkono wa kushoto, jiwe tupu juu, hakina hata kichaka. Toka alfajiri, kiweke kushoto vivyo hivyo, na adhuhuri utakuwa umefika chini yake. Hapo pana mwamba mpana wenye shimo la maji, kubwa kama ukumbi wa nyumba yetu. Maji utayapata, usiwe na wasiwasi. Mfungo Nne ndio nilipita mimi, na lilikuwa limejaa pomoni. Nilikunywa, nikaoga, nikajaza kibuyu. Usijitwishe maji ya safari nzima yakakuchosha bure. Mwendo ule nimeujua kwa mabega yangu.

Kutoka kwenye maji hesabu hatua thelathini hivi upande wa mashariki. Pana mkwaju. Chini ya mkwaju ndipo alipo ami yako, na nimemwekea mawe matatu.

Ukiweza kufunga siku hiyo, funga. Yeye alikuwa amenuia kufunga.

Baba yako,
Chirau bin Alfani

Mimi tena. Mawe matatu, Alfani? Kaburi la nani umeliona lina mawe matatu? Sisi twaweka la kichwani na la miguuni, basi. Nilimuuliza, akasema andika. Nikamuuliza tena, akanitazama vile alivyokuwa akitutazama tukivunja mtungi. Nimeandika.


Mackinnon Road, 22 Agosti 1955

Baba, shikamoo.

Mwezi hapa uliandama Ijumaa jioni, kwa hivyo Ashura ni Jumatatu ya tarehe 29. Tajiri ameniruhusu kwa kununa. Nitaondoka Jumamosi alfajiri, nilale Voi, Jumapili nishukie kile kituo, Jumatatu nitembee.

Nimefuata agizo lako: nitabeba chupa mbili za maji, mkate, tende za kufuturia na msahafu. Hapa ni vumbi tupu, ng'ombe wa Waduruma wamebaki mbavu, na majani sijui yalikwenda wapi. Lakini wewe ndiwe uliyepita njia ile, si mimi.

Niombee dua.

Alfani


Msambweni, Ijumaa 26 Agosti 1955

Alfani mdogo wangu,

Barua yako imefika leo baada ya swala ya Ijumaa, nami nakujibu nimesimama. Baba hajui kuwa naandika.

Nilikuwa nikimsomea. Nilipofika pale pa ng'ombe waliobaki mbavu, nikaacha kusoma. Nikamuuliza taratibu, "Baba, siku zile mlizopita na ami, shamba la nyumbani lilikuwa na nini?" Akasema mara moja kuwa walitolewa nyumbani mpunga wa vuli umeota, na njiani mvua iliwanyea hata mizigo ikawa mizito mara mbili.

Alfani, mvua ya vuli. Leo ni Agosti. Mimi nimetoka shambani asubuhi hii kung'oa muhogo na jembe limerudi na cheche.

Sisi watu wa pwani twafunga Ramadhani ya jua kali na Ramadhani ya matope, kila mwaka twaona mwezi ukirudi nyuma siku kumi na moja, na hapana mkulima hapa apandaye kwa Mfungo. Kwa kupanda twahesabu mvua, kwa kumkumbuka maiti twahesabu mwezi. Baba ni mkulima kuliko mimi. Lakini kwa ndugu yake amechanganya hesabu mbili, na mimi niliyeshika kalamu sikuona. Hata wewe uliandika mwenyewe kuwa Mfungo Nne utaangukia Agosti, kisha ukapita.

Hilo shimo halina maji. Beba maji, Alfani, beba mpaka mgongo ukuume, au usiende. Barua hii nampa Mwinga, utingo wa basi la Likoni, avuke nayo feri na kuitia posta Mombasa. Nimeuliza habari ya simu, nimeambiwa haitakwenda kabla ya Jumatatu. Jumatatu ndiyo Ashura.

Usiifuate barua ya baba, fuata hii.

Dada yako,
Mwanarusi


Msambweni, 9 Mfungo Nne 1375, mkesha wa Ashura
(28 Agosti 1955)

Mwanangu Alfani,

Dada yako ameniambia jana. Hakuweza kunificha, ameunguza wali mara mbili, na Mwanarusi haunguzi wali. Nimekaa na habari hiyo mchana kutwa. Mimi nimekutuma jangwani na chupa mbili.

Rudi. Barua hii ikikukuta popote, rudi. Hapana kaburi.

Mwanarusi anaandika na machozi yamtoka, lakini nimemwambia asiache neno. Boga sikumzika. Nilimwacha yu hai. Siku ya tisa, kama leo, miguu ilimkatika na homa ikawa imempanda kichwani. Mnyapara akasema mzigo haungoji mgonjwa, na atakayebaki nyuma atahesabiwa mtoro. Mtoro tulijua hufanywa nini. Nikamkokota hadi penye maji, nikamlaza chini ya mkwaju, nikamwekea kibuyu mkononi. Nilichagua pale kwa ajili ya maji, nikasema maadamu yana maji hatakufa upesi. Akaniambia, "Kaka, nenda, nitakufuata. Kesho nafunga Ashura, nikifuturu nitapata nguvu." Nikajitwika mzigo, nikaenda. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitabaki.

Kurudi tulirudishwa kwa njia nyingine. Sikumwona tena.

Nilipofika nyumbani, bibi yako alinipokea mlangoni, akauliza yuko wapi mwenzio. Nikasema nimemzika. Akaniuliza umemwekea mawe? Nikasema matatu. Sikuwa nimechimba kaburi, basi hata kusema uongo wa kaburi sikujua. Mama akanitazama, akaingia ndani. Sasa nikikumbuka naona alijua tangu siku hiyo, na aliishi nami miaka kumi na tisa akijua.

Nilikutuma kwa kuwa nilitaka asomewe, basi. Nilisema utafika, hutaona kitu, utadhani mvua imeyachukua mawe, utasoma, utarudi, nami nitakuwa nimefanya hata kidogo. Sikufikiri kuhusu maji. Nimemwacha mmoja pale, na sasa nimempeleka wa pili.

Nisamehe, lakini kwanza rudi.

Chirau


Stesheni ya Voi, 31 Agosti 1955

Baba, shikamoo.

Ninakuandikia nikingoja gari la kunirudisha kazini, ili habari ikufikie kabla yangu. Mimi mzima. Nimefika, nimesoma, nimerudi.

Jumapili tulishuka kile kituo watu wawili tu. Mlinzi wa gari alituuliza kama hatukukosea. Mwenzangu ni askari wa wanyama aitwaye Kaingu, Mgiriama wa Kaloleni, mrefu, hana maneno mengi. Aliziangalia chupa zangu mbili akauliza kama ni za kunawia. Nikamweleza habari ya shimo la maji. Akauliza, "Baba yako alipita mwezi gani?" Nikamwambia Mfungo Nne. Akaenda kujaza mfuko wake wa pili wa turubai pale kwenye tangi la reli. Nilimwona mtu mwoga. Namwomba radhi mpaka leo.

Tulitoka alfajiri ya Jumatatu. Kilima Kipara kiko vile vile, baba, mkono wa kushoto, hakikosekani. Sikujua kuwa nchi inaweza kuwa pana hivyo. Udongo ni mwekundu, na tembo nao ni wekundu kwa kujipaka. Tuliwaona kumi na wawili, Kaingu akanishika bega tukakaa chini ya upepo wao mpaka wapite. Vichaka havina jani hata moja, ni vijiti na miiba, na ndege mmoja tu alikuwa akitufuata toka mti hadi mti. Nilikuwa nikitembea nikikufikiria wewe na mzigo kichwani. Mimi nilikuwa na mkate na msahafu tu, na viatu, na bado kufika adhuhuri nilikuwa nimekwisha.

Mwamba tuliuona. Ni mkubwa kama ulivyosema. Maji safari hii yalikuwa yamepungua, lakini usitie shaka, tulipata ya kutosha.

Mkwaju upo. Na kaburi lipo, baba. Tumeliona. Limeelekezwa sawasawa, kichwa mashariki, uso kibla, kama tunavyolaza watu wetu Msambweni. Mawe yote matatu yapo kama ulivyosema. Mawili yamezama nusu ardhini, la tatu limekaa juu juu. Nilifagia kwa tawi, nikakaa upande wa kichwa, nikamsomea Yasini mpaka mwisho, kisha nikamwambia kuwa kaka yake anamsalimu. Kaingu si Mwislamu, lakini alivua kofia akasimama muda wote niliposoma.

Basi, baba. Limekwisha. Kula mchuzi wako usio chumvi, ulale.

Mwanao,
Alfani


Msambweni, 6 Septemba 1955

Alfani,

Nakuandikia peke yangu, kwa hizi herufi za skuli.

Barua yako ya Voi imetukuta tumekaa kama watu wenye maiti ndani. Siku saba hatukujua kama u hai. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini pale pale mlangoni mwa duka, watu wakadhani nimefiwa.

Nikamsomea baba. Sikuruka hata neno, kwa kuwa sikujua la kuruka. Ulipofika penye kaburi aliniinulia mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia." Nikarudia mara ya tatu, kichwa mashariki, uso kibla. Akauliza kwa sauti ndogo, "Amesema limeelekezwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi yuko mtu aliyepita nyuma yangu, akamzika." Kisha akalia, Alfani. Mimi umri wangu wote sijamwona baba akilia. Hata mama alipofariki alikwenda kulia shamba. Alilia mpaka kanzu ikalowa, akaomba maji ya kuoga, akaegemea bega langu mpaka msikitini. Ana miezi mitano hajafika msikitini.

Alipokuwa anavaa viatu kurudi, akasimama. Akasema, "Isipokuwa mawe ni matatu." Nyumbani akaniambia, "Alfani usimuulize kitu." Mimi sikumwahidi.

Kwa hivyo nakuuliza. Mawe matatu ni uongo wa baba, alikwambia mwenyewe katika ile barua ambayo bila shaka umeikuta mezani pako. Wewe umeyaona vipi? Na miaka arobaini na mmoja ya mvua, mawili yazame, la tatu lielee? Mdogo wangu, mimi ndimi niliyekufundisha kusema uongo ulipovunja taa ya msikiti, najua mkono wako. Niambie kweli mimi: uliyakuta, au uliyaweka? Kama uliyaweka nitanyamaza mpaka kaburini. Ila mimi lazima nijue, maana ndimi nitakayekuwa nikimtazama akifurahi.

Chini ya barua utaona mstari wa Kiarabu. Ameuandika mwenyewe, umemchukua muda wa kupika chai, nami hakuniruhusu kuuona mpaka alipomaliza:

"Alfani, ikiwa umesema kweli Mungu akulipe. Ikiwa umenihurumia, Mungu akulipe vile vile."

Dada yako,
Mwanarusi


Mackinnon Road, 12 Septemba 1955

Dada Mwanarusi, shikamoo.

Barua zenu mbili nilizikuta. Yako ilifika Jumapili, nami niliondoka Jumamosi. Nimekaa nazo mezani siku nyingi bila kujua nikujibuje, mpaka hii ya tatu ikanifuata.

Utajua kila kitu. Shimo lilikuwa kavu, dada. Chini palikuwa na matope yaliyopasuka na mifupa ya swala. Nilikuwa nimefunga kama baba alivyoagiza, na nilipoliona lile shimo nililala ukingoni pake. Kaingu alinifungulisha kwa nguvu, akanitia maji ya mfuko wake mdomoni kwa kifuniko, kidogo kidogo, na yale mengine tuliyapata alasiri kwenye mchanga ambapo tembo walikuwa wamechimba. Tuliyanywa na mchanga wake. Bila ule mfuko wa pili mngekuwa mnanisomea mimi.

Mawe niliyakuta mawili.

Kaingu ndiye aliyeyaona. Nyasi zilikuwa zimekwisha kabisa, ardhi ikawa wazi kama uwanja uliofagiwa, ndipo akasema, "Haya hayakuja yenyewe." Kuna la kichwani na la miguuni, yamezama nusu, na katikati udongo umebonyea urefu wa mtu. Aliniambia, "Huyu kazikwa na mtu wenu. Sisi hatulazi hivi." Akasema tena kuwa mvua ikishanyesha nyasi hapo humfika kifuani, na yeye amepita pale mara nyingi asiyaone. Tungekwenda Disemba, kama nilivyotaka mimi, tungekunywa maji, tukaoga, tukarudi bila kuona kitu.

Kisha nikatafuta la tatu. Nilitafuta mpaka Kaingu akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia baba alisema matatu. Akasema, "Baba yako ni mzee sasa." Basi nikaokota jiwe moja pale mwambani, nikaliweka katikati, ili barua yangu ifanane na maneno ya baba. Nilidhani namsitiri kumbukumbu yake tu. Sikujua kuwa ndilo jiwe litakalomfanya asiniamini.

Nikarudi hapa nikasoma kuwa hakuchimba. Dada, nilisoma kwa kusimama, nikakaa, nikasimama tena. Maana kama baba hakumzika, na kaburi nimeliona kwa macho yangu, basi baba alisema kweli kabla ya kulia, yuko mtu aliyepita nyuma yake.

Siwezi kuapa kuwa ni ami. Wachukuzi wengi walilala njia ile, na hapana jina lililoandikwa. Lakini ni kaburi moja tu, hatua thelathini kutoka kwenye maji, chini ya mkwaju ule ule, na aliyelichimba aliijua kibla. Labda ni wachukuzi wa kundi la nyuma, watu wa pwani kama sisi, waliomkuta siku ya Ashura au ya pili yake, na mnyapara wao akawaachia muda. Labda alikufa akiwa na mtu wa kumshika kichwa. Zaidi ya hapo sijui, na sitaki kuongeza, nimekwisha kuongeza jiwe.

Usinyamaze mpaka kaburini. Msomee baba barua hii yote, usiruke hata pale pa shimo kavu na mchanga. Mwambie sikumhurumia. Mwambie ni mawili, na kwamba hayo mawili si yangu wala si yake.

Miguu ikipungua, mwambie njia si mbaya: basi hadi Likoni, feri, gari la moshi mpaka kwangu, nami nitampeleka mbele. Kaingu anasema kutoka kile kituo anaweza kutafuta punda. Iwe vuli ikishanyesha, shimo likijaa. Nyasi zikificha mawe si kitu, nimehesabu hatua. Baba akifika anywe pale alipokunywa, akae na ndugu yake kadiri apendavyo, hapana mnyapara wa kumhimiza.

Na mimi nitakwenda kwa ajili ya lile jiwe la tatu. Nitaliondoa nilirudishe mwambani nilipoliokota.

Ndugu yako,
Alfani